Milango Minane ya Sista Jerusha

Mwizi aliyepita kwenye ploti ya Sista Jerusha alikuwa mtu wa adabu sana. Alichukua milango minane ya mbao, mmoja kwa kila chumba, na kila kitu kingine akakiacha mahali pake. Bawaba alizifungua kwa bisibisi akazipanga tatu tatu kwenye kingo za madirisha, kila chumba na zake. Komeo alizilaza kando ya bawaba. Skrubu zote alizitia katika kopo tupu la rangi, akalifunika kopo lisiingie mchanga.

Awino Odera alizihesabu bawaba mara mbili. Zilikuwa ishirini na nne, hakuna hata moja iliyopinda.

Awino alikuwa amewahi kuwa askari wa upelelezi kule Kisumu kwa miaka saba, mpaka akachoka kuamshwa. Sasa alikuwa mkaguzi wa sacco moja ya wafanyakazi wa afya mjini Lodwar. Kazi yake ilikuwa kwenda kuona kama kitu kilichokopewa pesa kipo kweli, na kama hakipo, kujua kiko wapi. Siku hiyo ya Alhamisi, Septemba 2013, alikuja na futi ya kupimia, daftari, na chupa ya maji ambayo ilikuwa imeshapata moto.

"Waliiba lini?" aliuliza.

"Jumapili asubuhi," Jerusha alisema. "Niliondoka hapa saa mbili nikaenda kanisani. Nilipopita saa saba, nikiwa barabarani tu, nikaona mpaka ukuta wa nyuma wa kila chumba."

"Saa mbili mpaka saa saba. Mchana."

"Mchana kweupe."

Sista Jerusha Wasike alikuwa muuguzi wa miaka thelathini na minne, mtu wa Kitale, na alizungumza akiwa amekunja mikono kama anayemsubiri mgonjwa amalize kulalamika. Alikuwa na haki ya kukasirika. Ploti hii aliinunua mapema mwaka 2012, kabla habari za mafuta ya Lokichar hazijawatia watu wazimu. Wenzake walimcheka, wakamwambia anazika akiba yake mchangani. Halafu serikali ya kaunti ikaja, maafisa wakamiminika Lodwar na masanduku yao, vyumba vya kupanga vikakosekana kabisa, na kicheko kikakauka.

Alikopa laki nane kwa sacco. Wauguzi watatu wa wodi yake walimdhamini. Ofisi moja ya kaunti ilikuwa tayari kuchukua vyumba vyote vinane kwa mkupuo mmoja kwa ajili ya watumishi wake wapya, na afisa wao alikuwa aje kukagua Jumatatu saa nne. Akikuta vyumba bila milango, angevuka barabara akatafute kwingine. Mwisho wa mwezi makato ya mkopo yangeanza, wapangaji wapo au hawapo.

"Kwa nini usinunue milango mingine?" Awino aliuliza.

"Kwa pesa gani? Awamu ya mwisho ilikwenda kwa mabati. Nimeomba sacco iniongezee kidogo, wakaniambia watakutuma wewe kwanza."

Awino alifunga futi yake. Hakupenda kuficha mambo ya aina hii. "Sista, nikuambie ukweli. Mwenyekiti anasema kuna watu huficha vitu vyao ili wakope tena. Ripoti yangu inatakiwa Jumatatu. Nikiandika hivyo, watadai mkopo wote kwa pamoja, na akiba za wadhamini wako zitashikwa."

Jerusha alikunjua mikono. "Carol ana mtoto anaingia sekondari Januari," alisema. "Ndiye mdhamini wa kwanza. Na wewe unasema nini?"

"Mimi bado nahesabu bawaba."

Alizunguka ploti polepole. Geti kubwa la chuma lilikuwa limezibwa kwa nje na rundo la kokoto ambalo halikuguswa tangu ujenzi. Lenyewe geti lingeweza kung'olewa na kuuzwa kwa bei ya milango mitatu, lakini hakuna aliyeligusa. Kando yake palikuwa na kigeti kidogo cha kupita watu, kilichofungwa kwa waya tu. Awino alikipima: futi mbili na nusu. Hapo ndani, kwenye kivuli cha ukuta, palikuwa na mavi ya punda yaliyokauka.

"Unafuga punda?"

"Mimi? Ninafuga deni."

Awino alicheka, kisha akaandika. Nyuma ya chumba cha nane alikuta kisiki kikubwa kilichong'olewa kikasukumwa pembeni, kipana kuliko meza ya ofisini kwake. Mbele zaidi, kuelekea mtoni, ilisimama migunga mingine minne mikubwa, na chini yake ardhi ilikuwa safi kama imefagiliwa.

"Hapa palikuwa na mti?"

"Ulisimama katikati ya chumba cha nane. Ilibidi ukatwe." Kwa mara ya kwanza Jerusha alionekana kufurahi kidogo. "Ndio huo ukanipa milango. Kwenye semina ya uwekezaji walituambia mtu anayeanza atumie kilichopo, apunguze gharama. Nikapeleka magogo Kakuma kwa lori lililokuwa likipanda, kuna fundi kule ana mashine. Mlango wa chuma kwa jua hili unachoma mkono. Wangu wa mbao, na bei nusu."

"Na mbao za paa?"

"Hizo nilinunua Kitale."

Awino aliinua macho. Mbao za paa zilikuwepo zote. Hata ngazi ya mafundi, ya mbao laini, iliegemea ukutani bila mtu kuigusa. Aliandika mstari mmoja kwenye daftari, akaupigia mstari chini yake.

*

Ng'ambo ya barabara aliishi Kiplagat, mwenye vyumba ishirini vya kupangisha na mikokoteni mitatu ya kuuza maji. Mtu yeyote angeanza na yeye, na Awino hakujifanya mjanja kuliko mtu yeyote. Vyumba vinane vya Jerusha vikikosa wapangaji, kaunti ingevuka barabara ikaingia kwa Kiplagat. Na mikokoteni huvutwa na punda.

Alimkuta kwenye kiti cha plastiki, miguu ndani ya beseni la maji.

"Mimi nilimwambia huyo msichana anunue mlango ya chuma," Kiplagat alisema kabla hajaulizwa. "Hakusikia."

"Jumapili asubuhi ulikuwa wapi, mzee?"

"Kanisani. Mimi ndiye mweka hazina. Uliza pasta."

"Na punda wako?"

"Punda yangu hata wao wanapumzika Jumapili. Mimi si mtu wa kuvunja sabato kwa mitungi ya maji."

Awino aliomba kuwaona, na Kiplagat akamwonyesha kwa kidole walipofungwa, kando ya kiti chake. Walikuwa sita, wanene, kila mmoja na alama ya upara shingoni pale nira inapokaa. Migongo yao ilikuwa na manyoya laini, bila kovu.

"Weka gunia mgongoni mwa huyu," alisema.

Kiplagat alicheka mpaka maji yakamwagika kutoka kwenye beseni. "Ukiweka mzigo juu yake, analala chini. Amezoea kuvuta, hajui kubeba."

Mkokoteni wa Kiplagat ulikuwa na upana wa futi nne. Usingepita kwenye kigeti cha futi mbili na nusu hata kwa maombi, na mavi ya punda yalikuwa ndani ya ukuta. Aliyechukua milango aliibeba juu ya migongo ya punda, kwa kamba, kama wanawake wa Kiturkana wanavyobeba nyumba zao wanapohama. Ndiyo maana hakuna jirani aliyekumbuka kitu. Lodwar nzima huona wanawake na punda kila siku ya Mungu.

Alifuta jina la Kiplagat bila majuto, ingawa angependa awe yeye. Ripoti ingekuwa fupi.

*

Ijumaa saa tano Awino alikuwa Kakuma, kwa Koang, yule fundi aliyetengeneza milango. Alikuwa seremala kutoka Sudan Kusini, mrefu kiasi cha kuinama ndani ya kibanda chake mwenyewe, na karakana yake ilikuwa kwenye njia ya soko la kambi ya wakimbizi. Awino alitaka kujua jambo moja kwanza.

"Sista Jerusha ana deni lako?"

"Hapana, mama. Alilipa yote, alimaliza. Mimi ndiye nilipata hasara. Hiyo mti ni ngumu sana. Msumeno yangu iliisha meno."

"Ukiiona milango hiyo leo, utaijua?"

"Mimi na mwingine pia." Koang aliweka randa chini. "Kuna mama alikuja, alifuata habari ya magogo. Mturkana, mzee kidogo, shanga mingi. Ilikuwa mwezi wa saba, milango bado iko hapa. Alikaa pale siku mzima, hakusema kitu. Mimi nikampa chai."

"Alitaka nini?"

"Alishika kila mlango na mkono, hivi, kama mtu anajua ng'ombe yake. Jioni akauliza mti moja imetoa milango ngapi. Nikasema nane. Akauliza na hiyo kiti."

"Kiti gani?"

"Nilitengeneza kiti kidogo ya mabaki, nikae mimi. Akasema hiyo pia ni yake. Hakugombana, alisema tu, halafu akangoja." Koang alitabasamu kwa aibu. "Nikampa. Kwetu mtu akisema namna hiyo, ni kweli au ni wazimu, na yeye hakuwa wazimu."

"Alikuambia jina?"

"Nakeno. Alisema yeye ni wa boma ya Longor, Lodwar."

Awino aliacha kuandika. Jina la Longor lilikuwa kwenye faili la mkopo, ukurasa wa kwanza, mahali pa muuzaji wa ploti.

*

Longor alipatikana Jumamosi asubuhi mbele ya duka la saruji, mahali madalali wa ploti walipokuwa wakisubiri wageni. Alikuwa na kofia ya kitambaa, simu mbili, na bahasha iliyojaa nakala za karatasi.

"Ejok, mzee," Awino alisema.

"Ejok. Unataka ploti? Iko moja karibu na uwanja wa ndege."

"Nataka ile uliyomuuzia Sista Jerusha. Ulimuuzia nini?"

"Ploti. Barua ya kanso iko, muhuri iko, chifu alisaini."

"Na miti?"

Longor alitazama simu zake, moja baada ya nyingine. "Karatasi haikuandika miti."

"Nakeno ni nani kwako?"

"Mke wa ndugu yangu. Ndugu yangu alikufa."

"Miti ilikuwa ya nani?"

Hakutaka kujibu, lakini mtoto wa duka alikuwa anasikiliza, na mzee mwingine kwenye benchi alikohoa kwa namna ya kumharakisha. Longor akaeleza kwa sauti ya chini. Ardhi ni ya watu wote, na kanso, yaani baraza la mji, inaweza kuigawa. Lakini miti ya kando ya mto ina wenyewe, toka kwa babu. Wanaiita ekwar. Kiangazi kikikaza, hakuna nyasi popote, miti hiyo inaangusha matunda na mbuzi wa mwenyewe wanakula. Mtu mwingine haleti mbuzi wake pale bila kuomba, na hakati hata tawi. Migunga mitano ile ilikuwa ya ndugu yake, kisha ikawa ya mjane na watoto wake.

"Sista alikuuliza?"

"Nyinyi watu wa kutoka Kenya hamuulizangi mti ni ya nani. Mnauliza bei, na maji iko wapi." Kwa Longor, kama kwa wenyeji wengi wa Lodwar, Kenya ilianzia Kitale.

"Na wewe hukumwambia."

"Angeniuliza, ningemwambia."

Awino alimchukia hapo hapo, na akaona afadhali aondoke kabla haijaonekana usoni. Mambo yalikuwa yamekaa sawa sasa. Mwizi aliacha chuma kwa sababu chuma hakikuwa chake. Aliacha mbao za Kitale kwa sababu hazikuwa zake. Alibeba mti, na mti tu.

*

Boma la Nakeno lilikuwa karibu na mto, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwenye ploti. Awino alikwenda na Jerusha, na njiani alimweleza kila kitu. Jerusha aliongeza mwendo. Alipoiona milango imelazwa kivulini, imefunikwa ngozi isipasuke kwa jua, alisahau hata kusalimia.

"Umeniibia," alisema.

Nakeno alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo cha mbao ngumu. Alikuwa mwanamke mwembamba, wa miaka sitini hivi, na alimtazama Jerusha kwa upole wa mtu aliyekuwa akimngojea.

"Ejok," alisema. "Kaeni. Mimi sijaiba. Chuma yako niliacha yote. Misumari nilifunika."

"Nitaenda polisi."

"Unaweza," Awino alimwambia Jerusha. "Lakini wakija, milango itakuwa ushahidi. Itakaa stesheni mpaka kesi iishe. Jumatatu hutakuwa na kitu."

Jerusha alikaa chini kwenye mchanga, na sare yake nyeupe. Alihesabu milango kwa macho. "Ni saba."

"Ya nane iko ndani," Nakeno alisema.

"Mama, mimi nilinunua ile ploti. Nina karatasi. Sikujua habari ya miti, haki ya Mungu."

"Najua hukujua. Nilikuja siku ile wanakata. Nikasema muache. Wakacheka, wakasema niende kwa Longor. Nikaenda kwa Longor. Akasema niende kwa kanso." Nakeno hakupandisha sauti. "Kiangazi hii ilikuwa mbaya. Miti nne haikutosha. Mbuzi kumi na moja ilikufa."

Jerusha aliinamisha uso. Aliwahi kufunga maiti za watoto kwa mikono yake, lakini maneno yale ya mbuzi kumi na moja yalimchoma, kwa sababu alikumbuka vizuri siku ya kukata mti. Alileta soda. Walipiga picha.

"Nitakulipa," alisema. "Kidogo kidogo."

"Sitaki hiyo. Pesa ya kulipwa mara moja inaisha." Nakeno aliinua vidole viwili, kama anayefanya hesabu iliyokwisha kufanywa siku nyingi. "Wewe ulileta kiwanja na mawe na mabati. Mimi nilileta mti. Chumba saba yako. Moja yangu. Ile mwisho, mahali mti ilisimama."

"Kaunti wanataka vyumba vyote vinane."

"Wachukue. Wakae vizuri. Kodi ya hiyo moja ni yangu."

"Mpaka lini?"

"Hiyo mti ingeishi mpaka lini?"

Awino alitazama pembeni. Kwa miaka mitatu alikuwa amekagua mikopo ya watu waliohudhuria semina, wenye mafaili na kalkuleta, na hakuwahi kuona mtu akijua mtaji wake namna hii. Jerusha naye alikuwa akipiga hesabu, midomo ikicheza. Vyumba saba vingelipa mkopo na kumbakishia kidogo sana. Faida yote aliyoiota ilikuwa kwenye kile cha nane.

Ilichukua muda. Mbuzi mmoja alikuja akanusa kiatu cha Awino, akaondoka.

"Sawa," Jerusha alisema mwishowe.

Awino alitoa daftari ili aandike mapatano, lakini Nakeno alitikisa kichwa. "Karatasi hapana. Karatasi iko kwa Longor. Yeye amesema, mimi nimesikia, wewe umesikia. Saba mchukue leo. Ya nane nitaleta mwenyewe Jumatatu."

Wakafunga milango juu ya punda wanne, na kabla jua halijashuka fundi alikuwa ameshaanza kazi.

*

Ripoti ya Awino ilikuwa ya ukurasa mmoja. Aliandika kwamba mkopaji hakuficha milango, kwamba ilikuwa imeshikiliwa na mwenye mbao, kwamba wamepatana na mlango wa mwisho utarudi Jumatatu. Kuhusu kodi ya chumba cha nane hakuandika kitu. Halikuwa swali aliloulizwa, na pia hakuwa na hakika. Neno la Jumamosi, mtu akiwa amekaa mchangani na haya, si lazima liwe neno la Jumatatu mbele ya mkataba. Alishaona watu wazuri wakibadilika kwa vitu vidogo kuliko hivyo. Kwa hiyo Jumatatu saa nne alikwenda kwenye ploti mwenyewe, ingawa hakuna aliyemtuma.

Afisa wa kaunti alikuwa kijana mwenye shati la mikono mirefu na bahasha ya mikataba kwapani. Alifungua na kufunga milango saba, akabisha kwa kidole, akasema ni imara, mizuri kuliko ya chuma. Alipofika kwenye chumba cha nane alikuta Nakeno amepiga magoti kizingitini, skrubu mdomoni, anakaza bawaba ya chini kwa bisibisi. Punda wake alikuwa amefungwa kwenye kisiki.

Afisa alipita juu ya miguu yake akaingia ndani, akatazama dari, akatoka. "Vinane vyote tunachukua," alimwambia Jerusha. "Jina la mwenye nyumba ni moja tu, sivyo? Naandika Jerusha Wasike kwa vyote, tumalize."

Jerusha alishika kalamu aliyopewa. Nakeno hakuinua kichwa, na bisibisi haikusimama. Awino aliona jinsi mambo yalivyokuwa mepesi. Hapakuwa na karatasi. Hapakuwa na shahidi ila mkaguzi wa sacco, ambaye kazi yake ilikuwa imekwisha, na ambaye sacco yake ingefurahi vyumba vyote vinane vikilipa mkopo.

Jerusha alisoma mkataba mpaka chini. Kalamu ilikuwa imeshagusa mstari alipoiondoa.

"Fanya mikataba miwili," alisema. "Mmoja wa vyumba saba, na mwingine wa hiki."

"Hiki ni cha nani?"

"Ni cha huyo."

Afisa alitazama shanga, magoti yenye vumbi, punda. "Huyu mama? Nilidhani ni mtu wa kazi."

"Ni landilodi mwenzangu," Jerusha alisema. Alimrudishia kalamu yake. "Na ulipokuwa unaingia ungembishia hodi."